AKILI, NASAHA NA MTANDAO: UHAKIKI WA ISTILAHI ZA AFYA YA WATOTO SHULENI

Utangulizi

Kila fani mpya inapoingia nchini huja na maneno yake, na kazi ya mfasiri huanza siku hiyo hiyo. Desturi yetu imekuwa kuipima kazi hiyo kwa swali moja: je, neno la Kiswahili limebeba maana yote ya neno la kigeni? Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Yapo maneno ambayo hayakomei vitabuni na majaladani. Hutamkwa mbele ya mtu anayeumwa, nayo yaweza kumfanya akubali kutibiwa au akimbie. Maneno ya namna hiyo yapasa kuulizwa swali la pili: je, mwenye kuumwa akilisikia neno hili, anasikia nini?

Makala haya yanaliweka swali hilo la pili mbele ya istilahi za huduma ya afya ya akili inayomfikia mtoto akiwa shuleni, mganga akiwa mbali naye, kwa njia ya simu au kioo cha kompyuta. Mifano imechukuliwa katika mikoa ya Mbeya na Iringa. Kwa hesabu ya sensa ya 2022, Mbeya ina watu zaidi ya milioni 2.3 na Iringa karibu milioni 1.2. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili ni wachache mno nchini, na hospitali ya taifa ya fani hiyo, yaani Mirembe, iko Dodoma, safari ya kilomita zipatazo 600 kutoka Mbeya kwa njia ya Iringa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iliyoko Mbeya hutegemewa na Nyanda za Juu Kusini zote. Mzazi wa Kilolo, Mufindi, Rungwe au Chunya ambaye mtoto wake halali usiku, hali chakula na hasemi na mtu, hana mtaalamu wa kumwendea karibu. Kwa watu hao huduma ya masafa si anasa.

Vipande vya huduma hiyo vimekwisha kuwapo. Hospitali zetu zina huduma iliyopewa jina la tiba mtandao. Ipo namba ya simu 116, ambayo mtoto aweza kuipiga bila malipo akapata mtu wa kuzungumza naye. Waraka wa Elimu Na. 11 wa 2002 uliagiza shule na vyuo vya ualimu viwe na huduma ya ushauri na unasihi. Kinachobaki ni kuviunganisha vipande hivyo ili mwalimu, mzazi na mganga wazungumze juu ya mtoto mmoja, naye mwenyewe akiwamo. Watakapokutana watahitaji maneno. Rai yetu ni kwamba maneno matatu yaliyosimama mlangoni pa huduma hiyo, yaani akili, nasaha na mtandao, ni sahihi kitabuni. Bali shuleni kila moja limebeba mzigo mwingine, na mizigo hiyo yaweza kumzuia mtoto asiingie.

Jambo lenyewe si geni

Wako wanaodhani kuwa tiba ya masafa ni zao la intaneti. Sivyo. Mwaka 1959 madaktari wa magonjwa ya akili katika jimbo la Nebraska, Marekani, walianza kutumia televisheni ya waya katika kuwahudumia wagonjwa. Na mwaka 1964 chuo chao kiliunganishwa kwa njia hiyo na hospitali ya Norfolk, umbali wa kilomita 180 hivi. Tiba ya akili, ambayo chombo chake kikuu ni mazungumzo, ilikuwa miongoni mwa tiba za mwanzo kabisa kusafiri kwa waya. Afrika Mashariki nayo, shirika la Madaktari Warukao lililoanzishwa mwaka 1957, ambalo leo huitwa Amref, lilitumia redio za mawasiliano kuziunganisha hospitali za mbali na madaktari wa Nairobi. Kuileta huduma hiyo ndani ya shule ndilo jambo la karibuni zaidi: mwaka 2019, kwa mfano, bunge la jimbo la Texas lilianzisha mpango wa kuwaunganisha wanafunzi na wataalamu wa afya ya akili bila wao kuondoka shuleni.

Hapa Tanzania tunao mfano wa zamani wenye somo kubwa kwa mwanaistilahi. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya afya kwa njia ya redio, na watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kampeni hiyo iliitwa Mtu ni Afya. Jina hilo halikutafsiriwa kutoka popote. Ni maneno matatu ambayo mkulima asiyejua kusoma aliyaelewa mara moja, na hakuna aliyetukanwa wala kuaibishwa nayo. Kwa kipimo hicho hicho tuyatazame maneno ya leo.

Akili

Istilahi afya ya akili imekwisha kukubaliwa. Ndiyo iliyotumiwa kuitaja Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na ni hatua kubwa mbele kuliko maneno wazimu, wehu na kichaa yaliyotumika kabla yake. Hatuna nia ya kuipinga katika sheria wala hospitalini.

Lakini shule si hospitali. Katika Kiswahili cha kila siku, akili si tu mahali pa fikira na hisia. Ni werevu, ni busara, ni uwezo wa kutambua mambo. Twasema akili ni mali, na akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hakuna mahali ambapo maana hii ya werevu ina nguvu zaidi kuliko darasani. Mtoto anayeshika namba ya kwanza ana akili. Anayeshika ya mwisho hana. Mwalimu asemapo, 'Tumia akili,' hazungumzii afya. Basi katika mahali hapo ambapo akili za watoto hupimwa kwa mitihani, na matokeo kubandikwa ukutani, mtoto aitwe mbele ya wenzake na kuambiwa kwamba aende akapimwe afya ya akili. Wenzake watasikia mojawapo ya mambo mawili: kwamba ni mjinga, au kwamba ni mwendawazimu. Hakuna atakayesikia kwamba mtoto huyu amefiwa na mama yake na halali usiku.

Mzigo huo umeongezwa na historia. Mirembe ilianzishwa mwaka 1927, na kwa miaka mingi jina lake limetumiwa mitaani kuwa tusi. Mtu akitaka kumdharau mwenziwe husema apelekwe Mirembe. Kosa si la hospitali hiyo, ambayo imewatibu watu wengi. Ni la jamii kulifungamanisha neno akili na kufungiwa. Mzazi wa Mbeya au Iringa akipokea barua ya shule yenye maneno tatizo la akili, hukumbuka kwanza tusi hilo.

Je, tulibadilishe neno? Wako waliopendekeza afya ya nafsi. Nafsi ina sifa njema, lakini kwa waumini wengi inaelekea mno upande wa dini, na mtoto wa darasa la nne haitumii. Wengine wamependekeza moyo, kwa kuwa Mswahili hudai kuumwa moyo akihuzunika na kuvunjika moyo akikata tamaa. Hilo nalo halifai kuwa istilahi, maana daktari wa moyo tunaye tayari na kazi yake ni nyingine. Shauri letu ni jepesi zaidi: istilahi ibaki mahali pake, na mlangoni pa shule watu waseme lile linaloonekana. Mtoto ana mawazo. Mtoto hapati usingizi. Mtoto ana hofu. Mtoto amejitenga na wenzake. Hayo ni maneno ya Kiswahili safi, yanaeleza dalili, na hayamhukumu mtu. Daktari atakayeyapokea ataweza kuyapa jina la kitaalamu kwa wakati wake.

Njia hiyo si ya kubahatisha. Profesa Sylvia Kaaya na wenzake wa Muhimbili walipotunga hojaji ya dalili kwa ajili ya Dar es Salaam, walizingatia jinsi wenyeji wenyewe wanavyoyataja maumivu yao, badala ya kufasiri hojaji ya kigeni peke yake. Na kwa Iringa tusisahau kwamba wenyeji walikuwa na maarifa yao juu ya jambo hili kabla ya zahanati. Mwanaanthropolojia Robert Edgerton, katika makala ya mwaka 1966, alilinganisha mawazo ya Wahehe, Wakamba, Wapokot na Wasebei juu ya wendawazimu, na mwaka 1971 akachapisha makala nzima juu ya mganga mmoja wa Kihehe aliyetibu maradhi hayo. Mfasiri anayekwenda Iringa haendi kwenye ukurasa mtupu.

Nasaha

Neno la pili ndilo lililotusumbua zaidi. Kwa kazi ya mtaalamu anayemsikiliza mtu mwenye shida na kumsaidia kuiona njia yake mwenyewe, tumepewa ushauri nasaha, na baadaye unasihi, na mwenye kazi hiyo akaitwa mnasihi. Kasoro zake ni mbili.

Kasoro ya kwanza ni ya maana. Nasaha ni maonyo mema ya mkubwa kwa mdogo. Hutolewa kwa bwana na bibi arusi, kwa kijana anayesafiri, na hasa kwa aliyekosea. Atoaye nasaha husema, apewaye hunyamaza. Kumbe fani yenyewe inataka kinyume chake: mtoto aseme, mkubwa anyamaze. Tukimpa mwalimu cheo cha mnasihi, tumemfundisha kazi yake kwa kumwita jina, na tumemfundisha visivyo. Atamwita mtoto, atamwonya kwa dakika 20, na atarudi ofisini akiamini kuwa ametimiza wajibu.

Lugha yetu ina mazoea ya kale juu ya jambo hili. Mtoto msikivu kwetu ni yule anayetii. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kusikia ni kazi ya mdogo. Twahitaji istilahi itakayoligeuza zoea hilo kwa upole, wala si istilahi itakayolitia nguvu. Yafaa pia kukumbuka kwamba katika shule nyingi mwalimu anayepewa kazi ya kuwasikiliza watoto ni wa shule ile ile yenye fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zilipunguza viboko vinavyoruhusiwa kutoka sita hadi vinne, na kumpa mkuu wa shule mamlaka ya kuvitoa au kuidhinisha vitolewe, hazikuviondoa. Mtoto aliyeitwa akapewe nasaha ana haki ya kujiuliza kama atarudi salama.

Kasoro ya pili ni ya historia, nayo inaihusu zaidi mikoa tunayoizungumzia. Uchunguzi wa kitaifa wa 2011 na 2012 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wa miaka 15 hadi 49, maambukizi ya virusi vya UKIMWI yalikuwa asilimia 14.8 katika Njombe, iliyokuwa sehemu ya Iringa hadi mwaka 2012, asilimia 9.1 Iringa na asilimia 9.0 Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 5.1. Kwa muda mrefu maneno ushauri nasaha yalionekana kwenye mabango ya vituo vya kupima virusi, na watu wengi waliyajulia hapo. Matokeo yake ni kwamba, kwa masikio ya watu wengi wa Nyanda za Juu Kusini, aendaye kwenye ushauri nasaha ameshukiwa. Yatima wa UKIMWI, ambaye pengine ndiye mwenye kuihitaji huduma kuliko wote, ndiye pia mwenye sababu kubwa ya kuliogopa jina lake.

Dawa ya kasoro hizi iko karibu. Shule zetu zimekuwa na mwalimu wa malezi tangu zamani. Malezi ni neno pana, lenye upole, lisilo na tuhuma. Mlezi hulisha, huangalia, hukaa na mtoto. Halihitaji kuundwa, wala halikukopwa jana. Tungependa istilahi unasihi ibaki vyuoni na katika nyaraka za taaluma, na mwalimu anayekaa na mtoto mbele ya kioo cha kompyuta aitwe mwalimu wa malezi. Na kazi yenyewe, badala ya kumpa mtoto nasaha, iitwe kumsikiliza mtoto.

Mtandao

Neno la tatu, tiba mtandao, lina ubishi wa sarufi na ubishi wa maana. Kwa sarufi, nomino mbili zimewekwa pamoja bila kihusishi, kama ilivyofanywa katika elimu masafa. Muundo huo umeenea na hatuna haja ya kuupigia kelele, ingawa tiba kwa njia ya mtandao ingemwelea mzazi upesi zaidi.

Ubishi wa maana ni mzito. Mtandao kwa mtu wa kawaida leo ni mahali ambapo mambo husambazwa. Akisema fulani yuko mtandaoni, mara nyingi ana maana kwamba amefichuliwa. Mwezi wa Oktoba 2016, picha za video za mwanafunzi wa sekondari mjini Mbeya akipigwa na walimu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha zilienea nchini kote kwa njia hiyo hiyo. Kuenea kwake kulisaidia haki kutendeka, kwani serikali ilichukua hatua. Hata hivyo, taifa zima lilimwona mtoto akiwa katika unyonge wake, na kila mwanafunzi wa Mbeya aliona jinsi mambo ya mtoto yanavyoweza kufika kila nyumba. Mwanafunzi wa mji huo akiambiwa kwamba maumivu yake yatatibiwa kwa mtandao, atauliza nani wengine watayaona. Ni swali la busara.

Neno masafa halina doa hilo. Wazee wetu walilijua katika masafa marefu na masafa mafupi ya redio. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria, kilichofunguliwa mwaka 1994, wanalijua katika elimu. Linataja umbali tu, halitaji chombo. Kwa hiyo halitachakaa chombo kitakapobadilika. Twapendekeza huduma ya masafa kwa matumizi ya shule, na tiba mtandao ibaki kwa hospitali zinazopelekeana picha za mifupa na majibu ya vipimo.

Kuhusu majina mafupi ya kuwaambia watoto, mfano bora umekwisha kuwekwa. Namba 116 inajulikana kwa jina la Simu kwa Mtoto. Hakuna neno hapo ambalo mtoto wa darasa la kwanza halijui, na kihusishi kwa kimemweka mtoto pale anapostahili, awe mpokeaji wa huduma, asiwe mshitakiwa.

Maneno mengine kwa ufupi

Siri. Fomu nyingi humwahidi mtoto kwamba maneno yake yatakuwa siri. Neno hili ni la hatari kwa watoto, kwa kuwa ndilo hasa analolitumia mtu mzima anayemdhulumu mtoto: 'Hii ni siri yetu.' Isitoshe, ahadi hiyo haiwezi kutimizwa yote, maana mtoto akiwa hatarini mwalimu hana budi kuwaarifu wahusika. Tungetumia faragha kwa mahali pa kuzungumzia, na amana kwa maneno yenyewe. Amana hutunzwa, haitangazwi, na hukabidhiwa kwa anayestahili tu.

Ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imelipa neno hili uzito, na ni neno zuri. Lisichanganywe na ruhusa, ambayo hutolewa na mwenye mamlaka hata kama hajaelewa anachokitia sahihi. Aidha, ridhaa ya mzazi si badala ya utayari wa mtoto. Fomu zitaje vyote viwili, kila kimoja kwa jina lake.

Rufaa. Hospitalini limezoeleka, mahakamani ni la aliyeshindwa kesi. Mwalimu amwambie mzazi kwamba mtoto anapelekwa kwa mtaalamu, na rufaa iandikwe kwenye cheti.

Sonona. Hili tunalisifu. Limetoka katika kitenzi chetu wenyewe chenye maana ya kuuma kwa ndani, na nduguye sononeka hujulikana na kila mtu. Hata asiyelijua kama jina la ugonjwa hulikisia. Msongo wa mawazo ni vivyo hivyo: anayelisikia huhisi kitu kinachosonga. Maneno haya mawili ni ushahidi kwamba Kiswahili kikiachiwa kitazame ndani yake, hakikosi.

Pingamizi

Msomaji aweza kusema kwamba tunaleta lugha mbili: moja ya hospitali na moja ya shule, na kwamba usanifishaji ulikuja ili kuondoa mchafuko wa namna hiyo. Pingamizi hilo lina uzito kwa watumishi wa serikali, ambao hutaka takwimu za Kyela na za Mufindi zihesabike kwa jina moja. Jawabu letu ni kwamba kila fani ina tabaka hizi. Daktari huandika jina la ugonjwa kwenye cheti na kumwambia mgonjwa maneno mengine, naye hasemi uongo. Hatari haiko katika kuwa na maneno mawili. Iko katika kutoyaunganisha. Ndiyo maana kila istilahi ya fani hii yapasa kuorodheshwa pamoja na neno lake la kusemwa, ili mwalimu akiandika 'mtoto hapati usingizi na amejitenga,' mganga aliye mbali ajue aulize nini.

Liko na jambo la lugha za nyumbani. Katika Rungwe na Kyela kuna Kinyakyusa; karibu na Mbeya mjini kuna Kisafwa; Mbarali, Kisangu; Iringa, Kihehe. Yatima wengi hulelewa na bibi zao, na bibi huenda akaijua shida ya mjukuu kwa Kihehe tu. Mganga akimhoji kwa Kiswahili, atakayefasiri atakuwa nani? Mara nyingi ni mtoto mwenyewe, ambaye atalazimika kuutafsiri ugonjwa wake mbele ya mkubwa wake. Jambo hilo haliwezi kukubaliwa. Mkalimani awe mtu mzima mwingine, naye apewe orodha ya maneno kabla ya mazungumzo kuanza.

Mapendekezo

Kwa hayo yote twapendekeza kwa Baraza, kwa wizara zinazohusika na elimu na afya, na kwa wafasiri, mambo manne. Kwanza, afya ya akili, unasihi na tiba mtandao zibaki kuwa istilahi za taaluma, bali zisiwe maneno ya kumwitia mtoto. Pili, shuleni zitumike mwalimu wa malezi, kumsikiliza mtoto na huduma ya masafa, pamoja na majina ya dalili yaliyozoeleka. Tatu, siri iondolewe katika fomu za watoto, na mahali pake pawekwe faragha na amana. Nne, istilahi yoyote ya fani hii isipitishwe kabla haijasomwa kwa sauti mbele ya walimu, wazazi na watoto wa mikoa itakakotumika, na kuulizwa: mmesikia nini?

Sifa za istilahi njema tumezizoea: iwe fupi, iwe wazi, iweze kuzaa maneno mengine. Kwa fani hii yafaa kuongeza sifa moja: mtoto aweze kuitwa kwa neno hilo mbele ya darasa lake, na asione haya kusimama. Wasomaji walioko Mbeya na Iringa, hasa walimu wa malezi, wanaombwa kuleta maneno wanayoyatumia wao, ili orodha itakayotolewa iwe imetoka huko huko itakakotumika.